Agizo la Bosi na Namba Mpya ya Akaunti
Mhadhara kwa wafanyabiashara na wahasibu, Dar es Salaam



Kila mwenye simu ukumbini humu ameshapata ule ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii." Aliyeutuma hakujui. Ameutuma kwa maelfu ya watu akijua kwamba kati yao hakosekani mmoja ambaye dakika ile ile anajiandaa kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto, na kwa pupa atadhani mwenye nyumba amebadili laini. Ujumbe huo tumeuzoea hadi tunautania. Upo utapeli mwingine wa ukoo huo huo ambao hatujauzoea. Wenyewe huja kwa barua pepe. Anayeuleta anamjua mpokeaji kwa jina, anajua anadaiwa kiasi gani, kwa mzigo gani, kwa ankara namba ngapi. Anachoomba ni kile kile: fedha zilipwe kwenye namba nyingine. Ila huyu hafuati elfu hamsini. Anafuata mtaji.

Nasema mapema ninachokuja kukitetea, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Biashara nyingi zinazopigwa kwa njia hii zina kompyuta nzuri tu. Zinapigwa kwa sababu mtu anayebonyeza kitufe cha malipo hana ruhusa ya kumchelewesha aliyeagiza malipo. Ruhusa hiyo ndiyo kufuli. Haiuzwi dukani, na mwenye kuitoa ni bosi peke yake.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lina kituo cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa intaneti, kinachojulikana kwa kifupi kama IC3, kilichoanzishwa mwaka 2000. Mwaka 2023 kilipokea malalamiko 21,489 ya utapeli wa barua pepe za biashara, na hasara iliyotajwa ilizidi dola bilioni 2.9. Mwaka huo huo, programu zinazofunga mafaili ya watu na kudai kikombozi, ambazo ndizo zinazotangazwa sana kwenye taarifa za habari, ziliripotiwa kituoni hapo kwa hasara ya dola milioni 59.6. Gawanyeni wenyewe: kila lalamiko la barua pepe lilibeba wastani wa zaidi ya dola 130,000. Kwa mfanyabiashara wa kati wa hapa kwetu, kiasi hicho kikiondoka, duka linafungwa.

Sasa tuone kazi inavyofanyika. Chukueni muagizaji wa Kariakoo anayeleta vigae kutoka China. Amekubaliana bei na kiwanda, ametumiwa profoma, yaani ankara ya awali, ametanguliza asilimia 30 kwa uhamisho wa fedha kupitia benki yake. Kiwanda kinatengeneza mzigo. Ukishapakiwa melini, kinamtumia nakala ya hati ya shehena, naye hapo anatakiwa kumalizia asilimia 70 ili aachiwe hati halisi za kutolea kontena. Wiki hiyo ndiyo mwizi anayoisubiri. Amekaa kimya ndani ya barua pepe za mmoja kati ya hao wawili, pengine kwa wiki kadhaa, akisoma. Siku ya kumalizia malipo inapofika, inaingia barua: akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tafadhali malizieni kwenye akaunti ifuatayo. Nembo ni ile ile, namba ya ankara ni ile ile, kiasi kiko sawa hadi senti, hata salamu za familia zimo. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa tarakimu. Muagizaji analipa na kutuma risiti, na risiti inapokelewa kwa shukrani nyingi na mwizi yule yule. Siku zinapita. Kiwanda kinauliza mbona hujamalizia. Kontena liko bandarini, gharama za kulihifadhi zinahesabika kila siku, na kila upande unamwambia mwenzake kwamba aliyeibiwa ni yeye.

Asidhani mtu kwamba natunga. Tarehe 15 Julai 2024, kampuni moja ya Singapore inayofanya biashara ya bidhaa ghafi ilipokea barua pepe iliyoonekana kutoka kwa msambazaji wake, ikiomba malipo yaliyokuwa yakisubiriwa yatumwe kwenye akaunti mpya nchini Timor-Leste. Anwani ya mtumaji ilitofautiana kidogo tu na ile halisi. Tarehe 19 kampuni ikalipa dola milioni 42.3. Baada ya siku nne msambazaji wa kweli akasema hajapata kitu. Kampuni hiyo nitaitaja tena baadaye, maana ilifanya jambo moja la busara ambalo wengi wetu hatulifanyi.

Mwizi anaingiaje? Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kujifanya mtu bila kuingia popote. Kanuni za kusafirisha barua pepe tunazotumia zilitungwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara ambako watu walijuana, na hazikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Ni kama bahasha ya posta: jina la mtumaji anaandika yeyote anavyotaka. Kinga zimeongezwa baadaye, zikiitwa SPF, DKIM na DMARC, ambazo hutangaza ni seva zipi zenye haki ya kutuma barua kwa jina la kampuni yako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinazidai kwa wanaotuma barua kwa wingi. Muulizeni fundi wenu kama zimewekwa. Lakini mjue mipaka yake. Hazimzuii mwizi kusajili anwani yake mwenyewe inayofanana na yako: herufi r na n zikikaa pamoja husomeka kama m, na .com ikipungua herufi moja inakuwa .co. Kwenye simu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi skrini inaonyesha jina tu, na anwani yenyewe imefichwa.

Njia ya pili ni kuingia kweli, na hapo kukagua anwani hakusaidii chochote. Aprili 2018, mkuu wa fedha wa kampuni ya Unatrac ya Uingereza, inayouza mitambo ya Caterpillar nje ya nchi, alipokea kiungo kilichompeleka kwenye ukurasa unaofanana na ule wa kufungulia barua pepe zake. Akaandika jina na neno lake la siri. Kuanzia hapo wezi waliingia kwenye akaunti yake mara 464 ndani ya wiki mbili hivi. Waliwaandikia watu wa idara ya fedha kutoka kwenye anwani halisi ya bosi wao, wakiambatanisha ankara za kughushi zenye nembo. Wakaweka na maelekezo ndani ya akaunti ili majibu ya wahasibu yahamishiwe kwenye folda nyingine, bosi asiyaone. Ziliondoka takriban dola milioni 11. Aliyehukumiwa kwa kesi hiyo mwaka 2021, miaka 10 jela huko Marekani, ni Obinwanne Okeke, kijana wa Nigeria ambaye jarida la Forbes liliwahi kumweka kwenye orodha yake ya wajasiriamali chipukizi wa Afrika.

Kuna atakayesema: hao walikuwa wazembe, sisi tungewekeza kwenye mitambo ya kisasa. Basi tuwaangalie wenye mitambo kuliko wote duniani. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alisajili nchini Latvia kampuni yenye jina sawa na Quanta Computer, kiwanda cha Taiwan kinachouzia vifaa kampuni kubwa za teknolojia. Kisha zikatumwa ankara, mikataba na barua zenye mihuri ya kughushi kwa Google na Facebook. Zote mbili zililipa, na jumla ilizidi dola milioni 120. Alikiri kosa mwaka 2019 na kufungwa miaka 5. Katika kampuni hizo wamejaa wahandisi wanaoweza kuona mdudu ndani ya programu kwa mbali. Lakini ankara haikupita kwa wahandisi. Ilipita kwa mtu wa malipo, ikiwa na jina analolijua, kwa deni la aina anayoilipa kila mwezi.

Na siku hizi jicho na sikio navyo havitoshi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alipata ujumbe uliodaiwa kutoka kwa mkuu wa fedha aliyeko Uingereza, ukizungumzia muamala wa siri. Aliutilia shaka, na alikuwa sahihi. Kisha akaalikwa kwenye kikao cha video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake wengine, nyuso zao na sauti zao. Shaka ikamtoka. Alifanya miamala 15 ya takriban dola za Hong Kong milioni 200, ambazo ni kama dola za Marekani milioni 25. Watu aliowaona walikuwa wametengenezwa na kompyuta.

Mtafakarini mfanyakazi huyo, kwa sababu ndiye mhasibu wako. Akili yake ilimwambia kuna kitu. Kilichomshinda ni mkubwa kuonekana na kuagiza. Hapa Afrika Mashariki tumelelewa kwa methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni methali njema nyumbani. Ofisini, mwizi anaigeuza kuwa mshahara wake. Anajua kwamba kwetu bosi akiandika "lipa sasa hivi, niko kwenye mkutano, usinipigie," mhasibu wa miaka ishirini na mitano ataona kumpigia ni utovu wa adabu. Anajua ukiwa Guangzhou, China, kwenye maonesho ya biashara ya Aprili au ya Oktoba, kwa sababu picha umeziweka Instagram mwenyewe. Anajua Ijumaa alasiri benki zinakaribia kufunga, na kwamba siku ya mkesha wa Idi au Krismasi hakuna anayetaka kubaki ofisini akibishana. Hachagui saa kwa kubahatisha. Anachagua saa ambayo heshima na haraka vinakutana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza ni kanuni ya sentensi moja, na ibandikwe ukutani: hakuna akaunti inayobadilishwa kwa barua pepe au ujumbe wa simu. Barua ikija na namba mpya ya akaunti, malipo yanasimama hadi mtu wetu ampigie simu mtu wao anayejulikana, kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu zetu kabla ya barua hiyo kuja. Sisitizeni maneno hayo ya mwisho. Ukipiga namba iliyoandikwa chini ya barua yenyewe, utampata mwizi, naye atakuthibitishia kwa upole sana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wekeni daftari la wauzaji wenu wote: jina la kampuni, benki, namba ya akaunti, jina la mtu na namba ya simu iliyohakikishwa siku mlipoanza biashara. Kila badiliko liandikwe humo, nani kapiga, kaongea na nani, tarehe gani. Kanuni hii hii imkinge mfanyakazi pia: barua ya kuomba mshahara uende kwenye akaunti nyingine ishughulikiwe kwa kumwita mwenyewe.

Hatua ya pili: malipo ya kiasi kikubwa yapitie mikono miwili, mmoja anaandaa na mwingine anaidhinisha. Mifumo ya benki zetu inaruhusu hivyo, na wengi mtaniambia mmeshaweka. Mmeweka kwenye karatasi. Bosi akisafiri anamwachia mhasibu kifaa chake cha kuidhinishia pamoja na neno la siri, na kwa zile kampuni zinazotumia hundi, anaacha kitabu kizima kimesainiwa. Hapo mikono imebaki miwili ya mtu mmoja. Kama huna mtu wa pili unayemwamini, idhinisha mwenyewe kwa simu yako ukiwa safarini. Na tusizungumzie wezi wa nje tu: mikono miwili inamlinda pia mhasibu mwaminifu asishukiwe siku mambo yakiharibika.

Hatua ya tatu ni milango ya barua pepe zenyewe. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu anayegusa fedha, na kwa bosi kwanza. Neno la siri moja lisitumiwe na watu watano kwa anwani ya ofisi. Aliyeacha kazi afungiwe akaunti siku hiyo hiyo. Acheni kufungua barua pepe za kampuni kwenye kompyuta za steshenari ili mchapiwe profoma, mkaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS haisomewi mtu yeyote, awe anajiita benki, awe anajiita mtandao wa simu. Na mara moja kwa mwezi, mtu aingie kwenye mipangilio ya barua pepe na kuangalia kama kuna maelekezo ya kuhamishia barua mahali pengine ambayo hakuna kati yenu aliyeyaweka. Wezi wa Unatrac wangeonekana hapo.

Hatua ya nne iingie kwenye mkataba. Mnapokubaliana na muuzaji mpya, andikeni namba ya akaunti ndani ya mkataba, na kifungu kisemacho kwamba mabadiliko yake hayatambuliki hadi yathibitishwe kwa simu kati ya watu wawili waliotajwa. Gharama yake ni wino. Faida yake inaonekana siku ya ugomvi, kwa sababu kwa kawaida kumlipa asiyehusika hakufuti deni lako kwa anayehusika, na ndipo mnaanza kubishana nani alizembea.

Hapa nina neno na maofisa wa benki mlio nasi. Mwananchi anayetuma elfu kumi kwa M-Pesa anaonyeshwa jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Jina lisipofanana, anasita. Mfanyabiashara anayetuma dola elfu themanini nje ya nchi mara nyingi haonyeshwi chochote: anaandika jina na namba, na benki ya upande wa pili inaweza kuingiza fedha kwa kufuata namba. Uingereza ilianza mfumo wa kulinganisha jina na akaunti kabla ya malipo mwaka 2020, na benki za ukanda wa yuro zimelazimishwa kufanya hivyo tangu Oktoba 2025. Hadi huduma hiyo ifike kwenye malipo yetu ya nje, ofisa wa benki anayeona mteja wa miaka kumi, aliyezoea kulipa China, ghafla analipa kampuni hiyo hiyo kwenye nchi nyingine, anyanyue simu amuulize. Simu moja tu.

Na kama umeshapigwa? Hapo saa zina thamani kuliko fedha. Kampuni ile ya Singapore ilipogundua tarehe 23 Julai, iliripoti polisi siku hiyo hiyo. Polisi wakatumia utaratibu wa dharura wa INTERPOL wa kusimamisha malipo, na tarehe 25 dola milioni 39 zilikuwa zimeshikwa kwenye benki ya Timor-Leste. Zaidi ya milioni 2 nyingine zilipatikana baada ya watu saba kukamatwa. Huko Marekani nako, mwaka 2023 kikosi cha IC3 cha kufuatilia fedha kilishughulikia matukio 3,008 na kufanikiwa kuzuia asilimia 71 ya fedha zilizokuwa zikiondoka. Fedha za wizi huu haziyeyuki mara moja. Hukaa kidogo kwenye akaunti ya kwanza kabla ya kugawanywa, na kwa malipo ya kimataifa wapelelezi wa Marekani huhesabu saa 72 za kwanza kuwa ndizo zenye matumaini.

Basi utaratibu uwe huu. Piga benki yako kwanza, waombe waitishe malipo yarudi na waitaarifu benki iliyopokea. Nenda polisi na nakala za muamala. Mjulishe muuzaji wako kwa simu, maana huenda mwizi bado anasoma barua zenu. Badili maneno ya siri, lakini barua zenyewe usizifute: ndizo ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zinagusa kughushi na udanganyifu kwa njia ya kompyuta. Kwa namba za simu za matapeli hapa nchini, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, inapokea taarifa kupitia 15040. Sheria ipo. Kinachoiua ni kuchelewa, na kuchelewa kunaletwa na hofu: mhasibu anaficha siku mbili akitumaini mambo yatajirekebisha, kwa sababu anajua atakayeripoti ndiye atakayefukuzwa. Ukimfukuza wa kwanza aliyesema, wa pili hatasema.

Wenye biashara, namalizia nanyi, kwa kuwa kazi iliyobaki ni yenu. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua, waiteni wahasibu, makatibu na vijana wa stoo, mseme mbele ya wote: hata agizo likitoka kwangu, hata ukiniona kwenye video, ikiwa kuna namba mpya ya akaunti, usilipe hadi unipigie, na nikikufokea kwa kunipigia, kosa litakuwa langu. Kisha siku mhasibu atakapowapigia saa nne usiku mkiwa mmelala hoteli ya ugenini, pokeeni simu, mjibuni vizuri, na mmshukuru. Msipofanya hivyo mara ya kwanza, hakutakuwa na mara ya pili.